Mkono Uleule

Usiku wa kuamkia mwaka mpya, Covilhã,
theluji imeziba vioo vya supamaketi,
nami Deolinda nimepiga magoti mbele ya rafu ya mchele
nikibandua bei za mwaka unaokwisha.
Mfukoni mwa aproni nina karatasi mbili.
Ya mhasibu yasema kuanzia kesho
kima cha chini kimepanda euro hamsini kwa mwezi.
Ya meneja Anselmo ina safu mia nne na kumi za bei,
na hakuna hata moja iliyokumbuka kushuka.

Mkono unaopandishwa ndio huu unaopandisha.

Mchele, senti sita juu.
Maharage ya kopo, senti nne.
Mafuta ya zeituni (hapa nilisita, nikafuta miwani)
euro moja na senti ishirini.
Chupa ilitulia kimya kama mgeni aliyefumaniwa jikoni.

“Ni mishahara, Deolinda,” Anselmo alituambia mchana,
amesimama juu ya kreti ya bia apate kuonekana.
“Mmelia, serikali imesikia, sasa lazima mtu alipe.”
*Mmelia*, alisema,
kana kwamba tulikuwa tunalilia ziwa.

Lakini baba yangu alikuwa mpima uzi
kiwanda cha sufu kule bondeni, kabla hakijafungwa.
Alisema uzi haudanganyi, hudanganya rula.
Basi nikakaa juu ya gunia la viazi
nikageuza karatasi ya Anselmo upande mweupe:
wafanyakazi kumi na wanane, hamsini kila mmoja,
na mchango wa bima ya jamii juu yake,
gawa kwa vikapu elfu ishirini na mbili
vinavyopita kaunta zetu kwa mwezi.
Senti tano kwa kikapu.
Nikarudia. Tano.
Haya, ongeza dereva wa lori, mpakiaji wa ghalani,
mwoka mikate wa Fundão, nao wamepandishwa;
fanya kumi na tano, fanya ishirini, sitaki ugomvi.
Hizo nyingine zimetoka wapi?
Mzeituni haupokei kima cha chini.
Ukame haujaandikishwa bima.
Na aliyeandika safu hizi mia nne na kumi
hajapiga magoti mbele ya rafu hata siku moja.

Haba na haba hujaza kibaba,
ndiyo, lakini kibaba cha nani?

Nje fataki moja ikalipuka mapema,
ya mtu asiye na saa.
Nikainuka, magoti yakalia, nikaendelea na sukari.

Tarehe mbili asubuhi alikuja bwana Belmiro,
mstaafu, koti la sufu ya enzi za baba.
Aliweka mkate nusu, dagaa wa kopo, maziwa, siagi.
Akatazama namba zinavyopanda kwenye kioo,
kisha akautazama mkono wangu.
“Nasikia mmeongezwa,” alisema. “Hongera.”
Nilitafuta sumu ndani ya neno lile, sikuiona,
na hilo likaniuma zaidi.
“Na pensheni, bwana Belmiro?”
Akacheka kidogo, bila meno ya juu.
Akaisukuma siagi kwa kidole, taratibu,
kama mtu anayerudisha kete aliyoikosea.

Nilikuwa na hesabu yangu kwenye ncha ya ulimi:
senti tano, bwana Belmiro, senti tano tu, si sisi.
Ni kweli. Ila ukweli haupakwi mkateni.
Nikampa chenji. Nikamwambia barafu iko pale ngazini,
apite upande wa ukuta.

Foleni ilipoisha niliirudisha siagi kwenye friji yake.
Lebo niliyoibandika usiku ule ilikuwa imekaa upande.
Nikainyoosha kwa kidole gumba.